Kwa Nini Lupita Nyong'o Alirudi Jukwaani

Agosti 2025, habari zilipoenea kwamba Lupita Nyong'o anaigiza tamthilia ya Shakespeare katika bustani ya Central Park mjini New York, tena mbele ya watazamaji walioingia bila kulipa hata senti, wengi hapa Kisumu walizipokea kwa mshangao zaidi kuliko kwa furaha. Swali lile lile lilirudiwa kwenye matatu, sokoni na hata katika vyumba vya walimu: mtu aliyeshinda Oscar, aliyeonekana katika filamu zilizoingiza mamilioni ya dola, anatafuta nini kwenye maigizo ya bure? Wapo waliohitimisha kwamba Hollywood imemchoka. Wengine walidhani anapitisha muda tu kati ya filamu moja na nyingine.

Mawazo hayo yote yanatokana na dhana moja, kwamba jukwaa ni mahali pa kuanzia na filamu ndiyo mahali pa kufikia, hivyo anayeonekana jukwaani baada ya kupata jina kwenye filamu amerudi nyuma. Dhana hiyo si sahihi, na inawadhuru vijana wetu wanaopenda sanaa hii, kwa sababu inawafanya waidharau sehemu ya kazi ambayo ndiyo iliyomjenga mwigizaji wanayemhusudu. Ili kuelewa kilichompeleka Lupita kwenye bustani ile, yafaa kwanza kuzitenganisha kazi mbili ambazo kwa kawaida tunaziita kwa jina moja la uigizaji.

Mwigizaji wa jukwaani hufanya kazi mbele ya watu waliokaa ukumbini wakati huo huo. Hadithi huanza mwanzo na kwenda hadi mwisho bila kusimamishwa, na kesho yake huigizwa upya yote. Mwigizaji wa filamu hufanya kazi mbele ya kamera, na watazamaji wake watamwona baada ya miezi, pengine baada ya mwaka mzima. Katika kazi zote mbili kuna mwongozaji, yaani mtu anayeamua hadithi isimuliwe kwa namna gani na anayewaelekeza waigizaji, na katika zote mbili mwigizaji humvaa mhusika ambaye si yeye. Zaidi ya hapo, tofauti ni nyingi.

Karibu kila aliyesoma shule ya upili magharibi mwa Kenya ameliona jukwaa, hata kama hakuliita hivyo. Ni vile vikundi vinavyozunguka na basi dogo na masanduku ya mavazi, vikiigiza vitabu teule vya fasihi kwa wanafunzi waliokusanywa kutoka shule kadhaa, leo Kakamega, kesho Bungoma, keshokutwa katika ukumbi wa Mama Grace Onyango hapa Kisumu. Mtazame mwigizaji wa kikundi kama hicho mvua inapoanza kupiga mabati ya bwalo la shule. Hawezi kusema "tusimame kwanza". Anapunguza kasi ya maneno, anayatamka kwa uzito zaidi, anasogea mbele hatua mbili, anangoja wanafunzi wa nyuma wanyamaze, kisha anaendelea na sentensi ile ile bila mhusika wake kumtoka. Hana kipaza sauti na hana nafasi ya pili. Sauti yake lazima imfikie msichana aliyeketi kwenye dirisha la mwisho, na kwa muda wa saa moja na nusu hadithi yote imo kichwani mwake na mwilini mwake kwa wakati mmoja. Huo ndio ustadi wa jukwaani, na ni mgumu kuliko wengi wanavyodhani.

Filamu hudai ustadi wa aina nyingine. Fundi cherehani wa Kibuye haanzi kushona shati kwenye kola akateremka hadi pindo. Hushona mikono leo, kola kesho, mfuko wakati wowote, na mteja haoni shati mpaka vipande vyote viunganishwe. Filamu nayo hupigwa kwa vipande visivyofuata mpangilio wa hadithi. Kama nyumba fulani imekodiwa kwa siku mbili, basi matukio yote ya nyumba hiyo hupigwa katika siku hizo mbili, yawe ya harusi au ya msiba. Mwigizaji anaweza kutakiwa kulia kwenye kaburi la mume asubuhi, na kukutana na mume huyo kwa mara ya kwanza jioni. Kila kipande hurudiwa mara kadhaa, kamera ikihamishwa kutoka pembe moja hadi nyingine, na kama alishika kikombe kwa mkono wa kushoto mara ya kwanza, lazima akishike kwa mkono huo huo mara ya tisa, la sivyo vipande havitaungana. Kwa kuwa kamera husogea hadi karibu na jicho, sauti na uso uliozoea kufika mwisho wa ukumbi huonekana kama makelele. Ndiyo maana mwigizaji hodari wa jukwaani anaweza kushindwa vibaya kwenye filamu, na nyota wa filamu anaweza kupotea kabisa akiwekwa jukwaani.

Tukiwa na tofauti hiyo mkononi, maisha ya Lupita yanasomeka vingine. Alizaliwa tarehe 1 Machi 1983 mjini Mexico City, baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko. Asili ya familia ni Seme, hapa Kaunti ya Kisumu, kaunti ambayo profesa huyo alichaguliwa kuwa gavana wake mwaka 2017. Ubishi kwamba yeye ni wa Mexico au ni wa Kenya haupaswi kutuchelewesha: ana uhusiano wa kisheria na nchi zote mbili, lakini alilelewa Kenya, na ni Kenya alikoanza kuigiza. Akiwa na umri wa miaka 14 alipewa nafasi ya Juliet katika tamthilia ya Shakespeare iliyoandaliwa na Phoenix Players, kundi la maigizo la Nairobi lililokuwa likifanya kazi kwa viwango vya kulipwa. Kazi yake ya kwanza ya maana, kwa hiyo, ilikuwa ya jukwaani, na ilikuwa Kenya, miaka kama kumi na sita kabla ya dunia kulisikia jina lake.

Wanaosema kwamba "aliibuka ghafla" huiruka miaka hiyo yote. Alikwenda Marekani akasomea filamu na sanaa za maonyesho katika Hampshire College. Filamu ya "The Constant Gardener", iliyotoka mwaka 2005, ilipopigwa hapa Kenya, alifanya kazi nyuma ya kamera kama msaidizi katika utayarishaji, kazi ya kutumwa huku na kule ambayo haimpi mtu sifa yoyote. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba mwigizaji Ralph Fiennes alimwuliza nia yake, naye alipokiri kwamba angependa kuigiza, alimshauri aifanye kazi hiyo ikiwa tu haoni namna ya kuishi bila hiyo. Mwaka 2009 aliongoza filamu ya hali halisi, "In My Genes", inayohusu maisha ya Wakenya wenye ulemavu wa ngozi, na mwaka huo huo Wakenya wengi walimwona kwenye runinga katika "Shuga", mfululizo wa vijana uliozungumzia virusi vya ukimwi. Wengi wetu tuliutazama bila kulishika jina lake.

Kisha akaenda Yale, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Shule ya maigizo ya Yale huwachukua waigizaji wachache kwa kila darasa na kuwafundisha kwa miaka mitatu. Kinachofundishwa kwa sehemu kubwa ni jukwaa: namna ya kuvuta pumzi ili sauti isikatike, namna ya kusema kama mtu wa nchi nyingine au wa karne nyingine, namna ya kusimama, kuanguka na kupigana bila kuumia, na namna ya kusoma maandishi ya tamthilia hadi kujua mhusika anataka nini katika kila sentensi. Akiwa huko aliigiza kazi za Shakespeare na za Chekhov. Mwaka 2009 alipewa nafasi ambayo wengi wangeiona ya kudhalilisha, nayo ni ya mwigizaji wa akiba katika tamthilia ya "Eclipsed" ya Danai Gurira, iliyoonyeshwa na ukumbi wa chuo hicho. Mwigizaji wa akiba hujifunza maneno yote na mienendo yote ya mhusika, kisha husubiri kando, akijua kwamba huenda asiitwe hata usiku mmoja. Jina la tamthilia hiyo tutakutana nalo tena.

Alihitimu mwaka 2012, na kabla tu ya kuhitimu alikuwa amepata nafasi ya Patsey katika filamu ya Steve McQueen, "12 Years a Slave". Nafasi hiyo ilipatikana kwa usaili, yaani mtihani wa kuigiza mbele ya wanaotafuta mwigizaji, na zaidi ya wanawake 1,000 walijaribiwa. Nimesikia mara nyingi hapa kwamba jina la baba ndilo lililomfungulia mlango huo. Madai haya yanastahili kujibiwa kwa haki. Ni kweli kwamba mtoto wa profesa aliyekuwa pia waziri serikalini hupata shule nzuri, safari na ujasiri ambao mtoto wa mvuvi wa Dunga hupewa kwa shida sana, na anayelikataa hilo hawatendei haki vijana maskini wenye kipaji. Lakini wasimamizi wa usaili ule walikuwa wakimtafuta mwanamke anayeweza kubeba mateso ya mtumwa wa shamba la pamba la Louisiana kwa namna ambayo mtazamaji ataamini, na cheo cha waziri wa Kenya hakikuwa na maana yoyote kwao. Jina lilisaidia kumfikisha shuleni. Usaili aliupita kwa kile alichojifunza huko.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2013, na tarehe 2 Machi 2014 akatunukiwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike msaidizi. Kwa kuwa tuzo hii ndiyo inayozua mkanganyiko mkubwa zaidi, nitaieleza kwa utulivu. Oscar hutolewa na chuo cha wanafilamu wa Marekani kilichoundwa mwaka 1927, na wanaopiga kura ni watu wa kazi hiyo wenyewe. Kwanza waigizaji walio wanachama huteua waigizaji watano katika kila kundi. Hao ndio tunaosikia kwamba "wameteuliwa". Baadaye wanachama wa fani zote hupiga kura kumchagua mmoja. Kuteuliwa, basi, si kushinda, ingawa ni heshima kubwa, na vyombo vyetu vya habari vimezoea kuyachanganya mambo hayo mawili. Neno "msaidizi" nalo halimaanishi kwamba aliyetuzwa ni wa daraja la chini katika uigizaji. Linahusu ukubwa wa nafasi ya mhusika katika hadithi, kwa sababu filamu ile ilimfuata Solomon Northup, na Patsey alikuwa mmoja wa watu aliokutana nao utumwani.

Je, Oscar humtajirisha mtu? Pamoja na sanamu ile hakuna fedha zinazotolewa. Kwa kanuni zilizopo tangu mwaka 1951, mshindi hawezi hata kuiuza kabla ya kukipa chuo chenyewe nafasi ya kuinunua kwa dola moja. Inachompa mwigizaji ni nafasi ya kuchagua: miswada humjia mezani, na anaweza kusema hapana. Wengi walidaka maneno yake ya usiku ule, kwamba ndoto za kila mtoto ni halali popote anapotoka, na maneno hayo yakaandikwa kwenye kuta za shule nyingi. Naona fahari kuyasoma. Hata hivyo aliyekuwa akiyasema alikuwa na miaka 17 ya kuigiza nyuma yake, na watoto wanaopita chini ya kuta hizo wanahitaji kuambiwa hilo pia.

Alichokifanya na nafasi hiyo ya kuchagua ndicho kinachojibu swali tulilolianzia. Upande wa filamu alichukua kazi ambazo kwa macho ya wengi zingemficha. Katika filamu ya "Star Wars" ya mwaka 2015, uso wake hauonekani hata mara moja. Alibandikwa vidoa usoni, kamera zikafuata mwendo wa kila kidoa anaposhangaa au kutabasamu, na kompyuta ikauhamishia mwendo huo kwenye uso wa kiumbe mzee anayeitwa Maz Kanata. Katika "The Wild Robot" ya mwaka 2024 ni sauti yake peke yake inayofanya kazi. Katika "Us" ya mwaka 2019 aliigiza wanawake wawili wanaofanana sura, na anayetazama hapati shida kuwatofautisha, kwa sababu aliwapa pumzi tofauti, mwendo tofauti na sauti tofauti kabisa. Mtu aliyefundishwa kutegemea uzuri wa uso mbele ya kamera asingeziweza kazi hizi. Ni zao la jukwaa, na yeyote atakayezitazama upya akilijua hilo ataona. Hata "Black Panther", iliyozinduliwa Kisumu Februari 2018 kwa shangwe ambazo mji huu haukuwa umezizoea kwa ajili ya filamu, na iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, ilimkutanisha tena na Danai Gurira, yule yule mwandishi wa tamthilia ya Yale, safari hii wakiigiza pamoja.

Upande wa jukwaa, hakungoja filamu zimwishie. Mwaka 2015, Oscar ikiwa bado mpya na milango yote ikiwa wazi, alikwenda katika Public Theater ya New York kuigiza "Eclipsed", ile ile aliyokuwa mwigizaji wa akiba wake miaka sita kabla. Safari hii alikuwa msichana asiyetajwa jina, aliyetekwa wakati wa vita vya Liberia. Mwaka 2016 tamthilia hiyo ilihamia Broadway, ikawa ya kwanza huko ambayo waigizaji wake wote, mwandishi na mwongozaji walikuwa wanawake weusi. Broadway ni jina la kumbi kubwa za maonyesho za Manhattan zenye viti 500 au zaidi, na ni kumbi hizo tu ambazo kazi zake hushindania Tony, tuzo kuu ya jukwaa nchini Marekani. Kwa hiyo onyesho lile lile, waigizaji wale wale, halikuhesabika kwa Tony lilipokuwa katika ukumbi wa kwanza, na likahesabika lilipohama. Lupita aliteuliwa kuwa mwigizaji bora wa kike katika tamthilia, na hakushinda. Kuna kurasa za mitandao zinazompa tuzo hiyo, zinakosea.

Kazi ya Broadway si nyepesi. Kwa kawaida ni maonyesho manane kwa wiki, siku nyingine mawili, na mwigizaji anayetakiwa kumwonyesha msichana akivunjwa na vita lazima avunjike mara nane kwa wiki, akiwa mzima wa sauti na wa akili kila mara. Malipo yake hayakaribii ya filamu kubwa. Aliyeshinda Oscar anapoichagua kazi hiyo, anakuwa ameikubali hasara ya fedha ili apate kitu ambacho filamu haimpi, yaani kuibeba hadithi yote kwa pumzi moja, watu wakiwa pale pale.

Sasa turudi kwenye bustani. Onyesho la Agosti 2025 lilikuwa "Twelfth Night", katika ukumbi wa wazi wa Delacorte wenye viti karibu 1,800, uliokuwa umefunguliwa upya baada ya kukarabatiwa. Tangu mwaka 1962 Public Theater imekuwa ikionyesha Shakespeare hapo bila kiingilio. Tiketi za bure zilikuwa za watazamaji. Waigizaji walikuwa kazini, katika moja ya nafasi zinazotafutwa sana na waigizaji wa nchi hiyo. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, Mkenya kwa kuzaliwa, ambaye yeye na Lupita wanafahamiana tangu ujana wao Nairobi, na ambaye mwaka 2021 alimwongoza tena kama Juliet katika mchezo wa kusikiliza uliochanganya Kihispania na Kiingereza. Tamthilia yenyewe ni ya ndugu wawili pacha waliotenganishwa na ajali ya meli, Lupita akiwa mmoja wao, na pacha wake aliigizwa na ndugu yake wa damu, Junior Nyong'o. Katika baadhi ya sehemu wawili hao walizungumza Kiswahili. Sijui ni mwigizaji gani aliyechokwa ambaye hupewa heshima kama hiyo.

Kuna tafsiri nyingine iliyozoeleka, kwamba jukwaa ni mchezo wa watoto wa shule. Aprili 2025, tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule na vyuo lilipofanyika Nakuru, mchezo wa shule ya wasichana kutoka Butere ulizua mjadala wa nchi nzima na kufika hadi mahakamani. Filamu nyingi za bei kubwa hazijawahi kuwatikisa wakubwa kiasi hicho.

Tamasha hilo hilo ndilo mahali ambapo mkanganyiko huu unaweza kuondolewa mapema, kwa kuwa sasa lina mashindano ya filamu kando ya yale ya jukwaani. Kosa linaloonekana mwaka baada ya mwaka ni la walimu kuuchukua mchezo wa jukwaani kama ulivyo na kuuelekezea simu, wanafunzi wakipaza sauti na kutupa mikono kana kwamba watazamaji wako mbali, na majaji wakawanyima alama watoto wenye kipaji cha kweli. Tiba yake haihitaji kamera ya bei ghali. Wanafunzi wajifunze hadithi yote kwa mpangilio wake, kama ya jukwaani, mpaka kila mmoja ajue mhusika wake ametoka wapi na anakwenda wapi. Kisha wapige kipande kimoja kimoja, na kila simu inaposogezwa karibu na uso, sauti na mikono vipunguzwe kwa kiasi hicho hicho.